Mluzi Kwenye Maji ya Mpunga

Kwenye matanga ya Maman Nabintu, chini ya turubai la bluu lililofungwa kati ya ukuta wa nyumba na mti wa parachichi, katekista alisimama akasema kwamba marehemu alikuwa mwanamke wa kunyamaza. Ilikuwa hapa Bukavu, mtaa wa Nyalukemba, kwa binti yake, ambako alikuja kumalizia uzee wake akitazama ziwa kutoka dirishani. Wamama waliokaa kwenye mikeka walitikisa vichwa. "Alikuwa mupole," mmoja akasema. "Tumekaa naye jirani muda wote huu, ata sauti yake haukuisikia." Mwingine akaongeza: "Mwanamuke wa kanisa kabisa." Mimi nilikuwa pembeni, sahani ya wali na maharage juu ya magoti, nikainamia chakula ili watu wasione uso wangu. Nilipoinua macho nikakutana na ya Papa Mushagalusa, mume wake, mzee sana sasa, amevishwa koti la mtu mwingine. Aliniangalia kwa muda. Halafu akakunja midomo kama mtu anayetaka kupuliza moto, akaiachia, akatazama chini. Hakuna mwingine aliyeelewa. Tangu siku ile mawazo yangu yanarudi kila mara kwenye mwaka mmoja niliokaa nyumbani kwao Kamanyola, mwaka ambao hakuna katekista atakayeusimulia mbele ya watu.

Niliacha shule katika mwaka wa tatu wa sekondari. Sikufukuzwa, wala sikushindwa. Darasa letu lilikuwa na dirisha, na nje ya dirisha kulipita malori, nami nilitaka kujua yanakwenda wapi. Tangu hapo nimepakua ndizi soko la Mudaka, nimenyoa watu nywele, nimeuza vocha za simu, nimefuata kila njia iliyonionyesha kona. Watu wangu wanasema natangatanga, nami sibishani nao. Mwaka ninaousema nilikuwa kijana mwenye ndevu za kwanza, kibarua juu ya lori la simenti lililokuwa linashuka kwenda Uvira. Tulipita Nyangezi salama, tukateremka zile kona za Ngomo ambapo hata shoferi mlevi anakumbuka sala zake, na tulipofika chini kabisa, kwenye joto la Kamanyola, lori likavunjika kitu ambacho hakikupatikana karibu. Shoferi akarudi Bukavu kukitafuta, akakawia. Nikabaki juu ya mzigo, nikitazama. Mtu wa Bukavu amezoea ardhi inayosimama mbele yake kama ukuta. Pale ardhi ilikuwa imelala chini, juu yake kuna maji, na ndani ya maji kuna mbingu nzima, mawingu yake yamepinduliwa, na katikati ya mawingu wanawake wameinama wakipanda mpunga. Nilijisemea kwamba nikiondoka bila kuelewa kitu hiki nitakuwa mjinga maisha yangu yote. Lori lilipopona, liliondoka bila mimi.

Papa Mushagalusa alinichukua kwa sababu mabega yangu yalikuwa yamezoea magunia na yake yalikuwa yamechoka. Alilima mpunga kama wengine, lakini watu walimjua zaidi kwa mabata wa mwitu. Aliwavua kwa wavu katika mashamba yenye maji, na wasafiri wa barabara ya Uvira walisimamisha magari kuwanunua wakiwa hai, wamefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Hakuna mtu aliyetumia bunduki. Bunduki ilikuwa kitu cha askari, na mlio mmoja tu asubuhi ungetosha kuwafanya watu wafunge magodoro na kupanda njia ya Nyangezi kabla ya kuuliza nani amepiga nini. Uwindaji wa kule ulikuwa kazi ya kimya.

Walinipa chumba cha wavu. Kilikuwa kidogo, kuta za udongo, mabati juu, na wavu wenyewe ulining'inia kutoka ukuta hadi ukuta kama chandarua cha mtu mkubwa sana, umetiwa rangi kwa matope, unanuka samaki na maji yaliyokaa. Nililala chini yake. Asubuhi mwanga ulipopenya kwenye matundu ya bati, kivuli cha matundu ya wavu kilinifunika mwili mzima, nami nilikaa nikikiangalia kikisogea mpaka Maman Nabintu agonge mlango kwa mwiko. "Weye, Pourquoi, jua iko imeisha kukuuliza kama uko muzima." Jina hilo, Monsieur Pourquoi, Bwana Kwa-nini, walinipa siku ya kwanza na halikunitoka. Tulikula bugali ya muhogo na sombe ya majani yake, na samaki wadogo wa ndakala wakipatikana, na siku za bahati bata aliyepikwa taratibu kwa mafuta ya mawese mpaka mifupa ilegee. Maman alipika bata kuliko mtu yeyote, na hakuwahi kuonja. Nilimuuliza sababu. Alikuwa anachochea makaa, hakugeuka. "Sikule kitu nilichokiita," akasema. Sikuelewa. Nilidhani ni mambo ya zamani ya kabila letu la Washi, maana bibi zetu pia walikuwa na vyakula vyao vya kukataa.

Ukuta kati ya chumba cha wavu na chumba chao haukufika juu, kwa hiyo mazungumzo yao yalinifikia yote, nitake nisitake. Mara nyingi yalikuwa mambo madogo. Papa alilalamika juu ya goti lake. Maman alimwambia goti ni lake, amuulize mwenyewe. Papa alisema huyu kijana wa Bukavu anauliza maswali mpaka wavu unachoka. Maman alijibu: "Muache. Mutu asiyeuliza anajenga nyumba juu ya nyoka." Jioni moja, walipokuwa wakichambua mchele na mimi nimejilaza, nilimsikia Papa akisema, "Kesho tutaenda naye. Ajue." "Akienda kusema?" Maman akauliza. "Huyu? Huyu anajua kuuliza tu. Kujibu haijue."

Kesho yake tuliondoka kabla ya mwanga, watatu, na hilo peke yake lilinishangaza, kwa sababu kila mtu Kamanyola alijua kwamba Papa Mushagalusa anawinda peke yake. Kibanda kilikuwa mwisho wa mashamba, mahali pa chini ambapo maji yanakaa zaidi. Kwa mbali hukuweza kukitambua. Kilikuwa rundo la majani ya mpunga wa mwaka uliopita, limeachwa kwenye tuta kama marundo mengine yote, ila ndani lilikuwa wazi, lina fito za matete, na vigogo vya kukalia ambavyo vilikuacha na miguu ndani ya maji. Wavu ulilazwa mbele, umekunjwa chini ya maji kando ya tuta, na kamba yake ilipita ndani ya matope mpaka mikononi mwetu. Papa alinifundisha kwa kunong'ona. Kamba ikivutwa, fito mbili zinainuka, wavu unapinduka juu yao kama mtu anayefunga kitabu. Usivute wa kwanza akitua. Usivute wa pili. Ngoja wakae, waanze kutia vichwa majini, wasahau. Ruba walinipanda kwenye vidole. Nilitaka kuuliza kitu, Maman akaweka kiganja chake chenye baridi juu ya mdomo wangu.

Walikuja kutoka upande wa mto Ruzizi. Kabla ya kuwaona niliwasikia, sauti nyembamba, za juu, tatu tatu, kama watoto wengi wanaopiga miluzi kutoka chumba cha mbali. Kisha nikawaona dhidi ya weupe wa mashariki, mstari uliokuwa ukivunjika na kujiunga. "Masista," Papa akanong'ona. Ndivyo alivyowaita, na walipokaribia nikaona kwa nini: uso mweupe kabisa, na kichwa na shingo nyeusi nyuma yake, kama mtawa aliyevaa shela. "Banatoka misa ya kwanza." Walipita juu yetu bila kushuka. Hapo ndipo Maman Nabintu alipolowesha midomo, akainua kidevu chake kuelekea kwenye tundu la majani, na mluzi ukamtoka, ule ule, mara tatu, wa tatu ukishuka mwishoni kama mtu anayeweka mzigo chini. Haukuwa unafanana na wa ndege. Ulikuwa wa ndege. Kundi zima likajikunja angani. Nimeona mambo mengi tangu hapo, nimeona ziwa likiwaka radi na jiwe jekundu la volkeno ya Nyiragongo likiangaza mawingu kutoka mbali, lakini sijaona tena kitu kama kile: mamia ya viumbe huru, walio na dunia nzima ya kwenda, wakigeuka kwa pamoja kwa sababu mwanamke aliyefunga kilemba cha kanisa amewaambia waje. Walishuka na mabawa wazi, miguu mbele, na maji yote yakawa meupe. Nilisahau kamba. Papa alinipiga kiwiko.

Baada ya kuvuta, kulikuwa na kanuni moja ambayo Papa aliipata kwa baba yake na hakuivunja kamwe. Ndege wa kwanza ambaye mkono wako utamgusa chini ya wavu, bila kuchagua, awe mnene au mwembamba, ni wa kuachiwa. Walimwita wa habari. Yeye alirudi kwa wenzake kuwaambia kilichotokea mahali pale, na kundi halikurudi kwenye shamba lile tena msimu ule. Kwa hiyo Papa alihamisha wavu kila mara, na wenye mashamba walifurahi. Maman ndiye aliyemshika wa habari siku ile. Alimfuta tope usoni kwa ncha ya kikwembe chake cha kiunoni, taratibu, upande huu na upande ule. "Akienda muchafu," akanieleza kabla sijauliza, "benzake watamujua je?" Kisha akafungua mikono.

Njiani kurudi ndipo nilipoambiwa nisiseme. Kwetu milimani, na kwao pia, mwanamke hapigi mluzi. Wengine wanasema anaita upepo uangushe migomba, wengine anaita nyoka ndani, wengine anamwita kifo kwa mume wake. Kila mzee ana lake, ila wote wanakubaliana kwamba ni aibu. Maman aliujua tangu utoto, karibu na Nyangezi, alipowekwa peke yake kulinda mtama wa baba yake dhidi ya ndege. Alichoka kupiga makelele, akaanza kuongea nao. Papa alimwoa, akamleta bondeni, na siku moja akamsikia kwenye mfereji akidhani yuko peke yake. Tangu hapo, jina la mwindaji likawa la mume na mluzi ukawa wa mke, na mtu yeyote aliyepita mbali akausikia alimsifu Papa kwa mapafu yake. Papa alizipokea sifa hizo kwa unyenyekevu mkubwa. "Mungu amenisaidia," alikuwa akisema, na Maman, kama yuko karibu, alikuwa akikohoa.

Ningeweza kujaza kurasa na miezi iliyofuata. Nilijifunza kufunga mafundo ya wavu, kutambua maji yatakayokauka na yatakayokaa, kukaa bila kusogea mpaka kinyozi-mwana-wa-maji, yule ndege mdogo wa bluu anayevua samaki, akatua juu ya kamba karibu na vidole vyangu akanitazama kama mtu aliyechelewa kazini. Sikuwahi kukaa mahali pamoja hivyo. Lakini mwaka huo unanirudia kwa sababu ya msimu wa mwisho, msimu wa kumwaga mbegu, na nitausema huo.

Wakulima walikuwa na komite, na komite ilikuwa na Président. Watu walisahau jina lake. Hata mke wake alimwita Président. Alikuwa mtu mrefu, mkali kwa saa, mwenye mabuti ya mpira ambayo hayakuwa na tope hata akitoka shambani. Sikumpenda, lakini leo najua alikuwa amebeba mzigo wa watu wengi. Mbegu ya kwanza ilipomwagwa, masista waliiteremkia alfajiri, kundi ambalo hata Papa hakuwahi kuliona, na jua lilipochomoza mashamba yote ya chini yalikuwa yamefagiliwa. Kilichobaki kilikuwa mbegu ya akiba, ya kila nyumba, iliyokuwa imelowekwa tayari kwenye magunia uwanjani kwa Président. Nayo ikiliwa, hakuna mpunga mwaka ule. Na mbegu ikishaanza kuota ndani ya gunia haisubiri. Usipoimwaga haraka inaoza.

Président alikuja kwetu jioni, akakataa kiti, akaweka juu ya meza kopo la dawa ya kuua wadudu. Maman alikuwa jikoni. Mimi nilikuwa mlangoni nikishona wavu.

"Tutachanganya na mbegu kidogo," akasema, "tutamwaga pembeni ya mai. Wakikula, banalala pale pale. Nimekuja kukuambia weye wa kwanza, Papa Mushagalusa, ju ile iko kazi yako."

"Na nyama yake?"

"Tutakataza batu."

"Nyama ikielea mbele ya mutu mwenye njaa," Papa akasema, "utamukataza na nini?"

Papa akaendelea, polepole, kama anayehesabu mafundo. Maji ya mashamba ya chini yanatoka wapi na kwenda wapi? Yanakwenda kwenye mfereji. Nani anachota kwenye mfereji? Sufuria jikoni zikaacha kugongana. Kila mmoja wetu ndani ya nyumba ile alikuwa amekunywa maji ya mfereji siku ile.

"Sasa nifanye je?" Président akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya komite. "Uniambie. Batu wananiuliza mimi, hawaulize mabata."

Papa akamwambia kuhusu wa habari. Akamwambia kwamba kundi lile likinaswa mara moja, pale pale linapotua kwanza, halitarudi. Président alisema hizo ni hadithi za bibi. Hata hivyo alilichukua kopo mkononi, akaligeuza, akasoma karatasi yake, akalirudisha mezani. "Kesho asubuhi," akasema. "Lakini nitakaa mule ndani na weye. Nataka nione na macho yangu. Ikishindikana, kesho hiyo hiyo tunamwaga dawa."

Alipoondoka, tulibaki tukitazama kopo. Papa alijua tatizo kabla yetu sote. Président akae ndani ya kibanda, bega kwa bega, na Maman?

"Nitabaki nyumbani," Maman akasema. "Haitafaa. Yule ni mutu mukubwa, na ndugu yake ni padri."

"Na muluzi?"

"Si kila mutu anasema uko na mapafu?"

Asubuhi ile ya kwanza, kwa hiyo, tuliingia kibandani wanaume watatu. Président alikaa wima, mabuti yake ndani ya maji, mikono juu ya magoti kama yuko kwenye picha. Masista walikuja, wengi mpaka mbingu ikasikika. Papa akakunja midomo. Meno yake ya mbele yalikuwa yamekwenda zamani, na kilichotoka kilikuwa pumzi yenye mate, kama birika lililosahauliwa motoni. Akajaribu tena. Nami nikajaribu, nikatoa mluzi wa kijana wa Bukavu anayesimamisha taksi. Kundi liliinama upande mmoja, likatusikiliza, nadhani kwa huruma, kisha likaenda kutua upande wa pili kabisa wa bonde, ambako hakukuwa na wavu. Tulisikia wanavyochovya na kupekua. Président alisimama, kichwa chake kikatoboa majani ya paa. Hakukasirika. Hilo ndilo lilikuwa baya. "Umejaribu, muzee," akasema. "Leo saa kumi batu watakuja kwangu, tutachanganya."

Nakumbuka joto la mchana ule, na Maman akichagua maharage kwenye ungo nyuma ya nyumba, akitupa mawe madogo kwa nguvu isiyolingana na mawe yenyewe. Papa alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kofia machoni. Hakuna aliyeniona, au wote waliniona na hawakujali. "Wamekuambia nini?" Maman akauliza. Papa akamweleza. "Ulipiga namna gani?" Papa akapiga, pale pale, pumzi na mate. Maman akaangua kicheko, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega, Papa naye akacheka, wakacheka mpaka Papa akafuta macho. Maman akaendelea kuchagua. Baadaye akasema, bila kuinua uso: "Watoto ya Furaha wanachota mai pale kila asubuhi." Furaha alikuwa jirani yetu. "Batasema nimekuua," Maman akasema. "Ukikohoa tu, batasema ni muluzi ya muke wake." "Basi sitakohoa," Papa akamjibu. Maman akaweka ungo chini, akafunga kikwembe upya, akatoka kwenda kwa Président yeye mwenyewe. Sijui alimwambia nini mlangoni. Najua tu kwamba saa kumi watu walifika, wakaambiwa warudi nyumbani, waje kesho.

Kulipopambazuka tulikuwa wanne ndani ya kibanda kilichojengwa kwa wawili. Président alijibana pembeni, uso umegeukia kwenye majani, kama mwanamume aliyeingia kwa bahati mbaya mahali wanawake wanapooga. "Maman," akaanza, "hii maneno, kama Monseigneur askofu angejua—" Sauti za kwanza zikasikika kutoka mtoni. Maman akamwekea kiganja mdomoni, kama alivyoniwekea mimi, na mtu yule aliyefungua na kufunga mikutano ya bonde zima akanyamazishwa na mkono unaonuka moshi. Masista walipita juu. Walikuwa juu sana, wakielekea upande wa pili tena. Maman aliwaacha wapite. Aliwaacha mpaka nikadhani ameogopa. Kisha akapiga.

Nilikuwa nimeusikia mwaka mzima, na bado nywele za mikono zilisimama. Siku ile haukuwa mwito tu. Alikuwa akiwauliza na kuwajibu, akibadilisha sauti, mara mmoja, mara watatu, mara kundi lililokwishatua na kushiba. Mbingu ikageuka. Walishuka duara baada ya duara, na kila duara lilileta upepo uliotikisa kibanda, mpaka hatukuona tena maji, tuliona nyuso nyeupe tu, nyuso nyuso, kanisa zima la nyuso, na kelele yao ikawa nzito mpaka ikawa kama kimya. Nilimtazama Président. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anahesabu kwa Kifaransa, chini chini, kama mtu wa komite anavyopaswa. Kisha midomo ikaacha kutembea, ikabaki wazi. Papa akanigusa goti. Tulivuta.

Sitaeleza vurugu iliyofuata, maji, manyoya, Papa akitambaa kwa magoti yake mabovu juu ya ukingo wa wavu. Kundi liliinuka kama shuka linalokung'utwa, na waliobaki chini walikuwa wengi kuliko siku yoyote. "Président," Papa akaita, "kuya. Tia mukono." Akaja na mabuti yake, akazama mpaka mapajani, akatia mkono chini ya wavu akiwa ametazama pembeni, na wa kwanza aliyemgusa akamtoa. Alikuwa jike mdogo, nusu ya wengine. Président alimkumbatia kifuani bila kujua jinsi nyingine ya kumshika. Nilimwona akishtuka, najua alisikia nini, kwa sababu nami niliwahi kukisikia, moyo ule unaopiga haraka kuliko unavyoweza kufikiri. Maman akaja na ncha ya kikwembe. Akamfuta ndege uso mikononi mwa Président, upande huu, upande ule. "Sasa umuachilie," akamwambia, naye akafungua mikono kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Watu wengi waliamini kazi imekwisha. Papa hakuamini. "Tutajua kesho," alisema, na kesho yake tulirudi kibandani, bila wavu, tukakaa. Hiyo ndiyo asubuhi ninayoifikiria zaidi. Nje, kwenye tuta, wakulima walikuwa wamesimama na magunia ya mbegu iliyoota vichwani, wanaume kwa wanawake, na kopo la dawa lililochukuliwa kwetu lilikuwa juu ya tuta karibu na mguu wa Président. Sisi tulikuwa wawindaji tuliokaa mafichoni tukiomba tusione kitu. Walikuja. Tuliwasikia kutoka Ruzizi, tatu tatu, kisha wakajaa juu yetu, na nikahisi Papa akiacha kupumua. Maman alifumba midomo kwa vidole, kama anaogopa mluzi usimtoke wenyewe. Wakazunguka mara moja juu ya bonde. Mara ya pili, chini zaidi. Kivuli chao kilipita juu ya maji, juu ya watu, juu ya magunia. Halafu mmoja mbele akapiga sauti fupi ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, na wote wakainuka, wakavuka mto, wakaenda ng'ambo, wakizidi kuwa wadogo mpaka wakawa vumbi kwenye mwanga.

Hakuna aliyepiga makofi. Président ndiye aliyeongea kwanza, macho bado yako mashariki. "Sasa wameenda kwa bengine. Kule nako wamepanda."

"Kule nako wako na bibi zao wa muluzi," Papa akamjibu.

Président aliokota kopo, akalitia ndani ya mfuko wa koti lake, akawaashiria watu. Walishuka majini safu kwa safu, na mbegu ikaanza kuanguka, laini, kama mvua inayofikiria. Yeye alibaki tutani. Maman Nabintu alikuwa ametoka kibandani, anafunga vizuri kilemba chake, na watu waliokuwa karibu walimtazama kisha wakatazama kwingine. Président akavua kofia.

"Maman," akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Na kama wakirudi?"

Maman alikuwa ameshaingia majini. Alichota mbegu kwenye kikapu cha jirani, akaitazama mizizi yake midogo myeupe, akairusha mbali.

"Wakirudi," akasema, "utaniita."